Shehena Ikitoswa, Wote Huchangia

Machi 6, 2018, meli ya makontena Maersk Honam ilishika moto katika Bahari ya Arabuni, ikitoka Singapore kuelekea Mfereji wa Suez. Mabaharia watano walifariki. Makontena mengi ya upande wa nyuma yalinusurika, lakini wenyewe hawakukabidhiwa hivi hivi. Walitakiwa kwanza kuweka dhamana ya asilimia 54 ya thamani ya mzigo: asilimia 42.5 kwa ajili ya waokoaji wa meli, na 11.5 kwa ajili ya hasara ya pamoja. Mwenye bidhaa za dola 100,000 alihitaji dhamana ya dola 54,000 kabla ya kuugusa mzigo wake mwenyewe.

Kanuni hiyo ya hasara ya pamoja iliyowabana ni kongwe. Warumi waliiita sheria ya Rhodes, kisiwa cha Wagiriki kilichovuma kwa ubaharia, na mwaka 533 Kaisari Justinian aliiingiza katika mkusanyo wake wa sheria, Digesta. Mzigo ukitoswa baharini ili chombo kisizame, mwenye mzigo huo habebi hasara peke yake. Kila aliyenufaika humchangia, mwenye meli akiwemo.

Wanasheria wa Kirumi waliichambua kwa makini. Mlingoti uliokatwa kwa makusudi ili kuokoa chombo ulichangiwa. Uliovunjwa na dhoruba ulikuwa hasara ya mwenye meli. Vyakula vya safarini havikuingizwa kwenye hesabu, wala uhai wa mtu huru, kwa kuwa hauna bei. Katika Zama za Kati, sheria za Oléron zilimtaka nahodha ashauriane na wafanyabiashara waliomo chomboni kabla ya kutosa chochote. Wakikataa, aliweza kutosa, ila akifika nchi kavu yeye na baadhi ya mabaharia wake waliapa kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme meli na shehena yote vina thamani ya dola milioni 10, na bidhaa za dola 100,000 zimetoswa. Hasara ni asilimia moja ya jumla, hivyo kila mmoja hutoa asilimia moja ya mali yake. Meli ya dola milioni sita hutoa 60,000. Aliyetosewa bidhaa naye hubeba sehemu yake ya 1,000, kisha hulipwa 99,000.

Lakini hoja ya kutosa kwa dharura iliwahi kutumika kufunika uovu mkubwa. Mwishoni mwa Novemba 1781, mabaharia wa Zong, meli ya wafanyabiashara wa Liverpool, walianza kuwatupa baharini Waafrika waliokuwa wakipelekwa Jamaica utumwani. Takriban watu 130 waliuawa. Wenye meli wakadai bima ya pauni 30 kwa kila mtu, wakisema maji ya kunywa yalikuwa yakiisha. Mwaka 1783 baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi. Baadaye jopo la Jaji Mansfield liliruhusu kesi isikilizwe upya, baada ya kuelezwa kwamba baadhi walitoswa hata baada ya mvua kunyesha. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Karne ya 19 bandari nyingi zilikuwa na desturi zake za kugawana hasara, na mzigo mmoja uliweza kukadiriwa kwa njia tofauti kulingana na mahali meli ilipotia nanga. Wafanyabiashara, wenye meli na watu wa bima walikutana York, Uingereza, mwaka 1864, kisha Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1877. Huko ndiko zilikotoka Kanuni za York-Antwerp, zilizorekebishwa mara ya mwisho mwaka 2016. Kanuni hizo si sheria ya serikali. Zina nguvu kwa sababu zimeandikwa katika mikataba ya kukodi meli na katika hati za shehena, mara nyingi kwa maandishi madogo ya nyuma ya karatasi.

Siku hizi si lazima kitu kitoswe. Machi 2021 meli ya makontena Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita. Hakuna kontena lililotupwa, lakini gharama za kuinasua zilikuwa kubwa, na mwenye meli akatangaza hasara ya pamoja kwa wenye mizigo wote.

Hapa ndipo mfanyabiashara mdogo anapoumia. Bima ya shehena, hata ya kiwango cha chini, kwa kawaida hulipa mchango huu, na kampuni ya bima ndiyo hutoa dhamana. Asiye na bima hutakiwa kuweka fedha taslimu, na hesabu za mwisho huweza kuchukua miaka. Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo wanaochangia kontena moja kutoka Guangzhou, mzigo ni mzito zaidi: mmoja wao akishindwa kuweka dhamana, kontena zima huweza kuzuiliwa, hata kama wenzake wote wameshalipa.