Merikani, kaniki na buibui: safari ya rangi tulivu Unguja na Pwani

Septemba 1833, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, mjini Muscat. Mkataba ulihusu ushuru, bandari na haki za wafanyabiashara, na hakuna aliyefikiria kwamba ungeamua mwanamke wa shamba la karafuu avae nini. Lakini meli za Salem, bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts, zilianza kushusha Unguja majora kwa majora ya kitambaa cha pamba. Mwaka 1837 mfanyabiashara wa Salem, Richard Waters, aliwasili kuwa balozi mdogo wa Marekani. Meli zilirudi kwao na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, na kitambaa kilichobaki nyuma kikaitwa merikani.

Merikani ilikuwa pamba isiyopaushwa. Jora likifunguliwa, nguo ilikuwa na rangi ya tui zito, yenye vidoa vidogo vya kahawia ambavyo ni vipande vya maganda ya mbegu vilivyosokotwa pamoja na uzi. Siku za kwanza ilikuwa ngumu mwilini. Kila ilipofuliwa ililainika na kuzidi weupe, na ilidumu. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiiga, lakini kitambaa chao kilijazwa wanga; kikifuliwa, wanga unatoka na mwenye nguo anabaki na kitu chepesi kisichofaa. Wanunuzi wa Pwani na wa bara walijua nguo. Waliishika, wakaivuta, wakairudisha. Ndiyo maana misafara iliyokwenda Unyamwezi na kwingineko ilibeba merikani kama fedha, ikihesabiwa kwa shuka na doti, na doti hiyo ndiyo tunayonunulia kanga mpaka leo.

Rangi ya merikani ilitokana na bei. Kupausha kitambaa ni gharama, kukitia rangi ni gharama nyingine. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa Massachusetts, ikavuka bahari kuja kuwavika watumwa wengine waliokuwa wakichuma karafuu Unguja na Pemba. Kila nikifikiria safari ya kitambaa hiki, naona tumezoea mno kuisoma historia ya nguo kana kwamba ni habari ya mapambo tu.

Nusu nyingine ya habari ni kaniki. Hiyo ni merikani, au kitambaa cha India, iliyochovywa kwenye nili. Nili ina tabia yake: nguo hutoka ndani ya chombo ikiwa ya kijani, ikipigwa na hewa hugeuka buluu mbele ya macho yako, na ikichovywa tena na tena hukaribia weusi. Kaniki haionyeshi haraka tope, jasho wala utomvu wa shambani, na hilo lilimfaa mwenye shamba kuliko mvaaji. Mwanamke mtumwa aliifunga chini ya kwapa, mabega wazi, kichwa wazi. Kujifunika kichwa na kuvaa viatu yalikuwa mambo ya waungwana.

Linganisha na walichovaa waliotawala. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza nyumba za kifalme zilizojaa hariri, dhahabu na rangi za kila namna, suruali ya rangi moja na kanzu ya nyingine. Katika Unguja ya karne ya 19, rangi nyingi zilikuwa alama ya uwezo. Nyeupe isiyopaushwa na nyeusi ya nili zilikuwa alama ya kutokuwa na lako, na aliyezivaa mara nyingi hakuulizwa anapenda nini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861, vilikata mzigo wa Salem, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua soko. Jina la merikani lilibaki.

Mageuzi makubwa yalitoka kwa wavaaji wenyewe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria, ingawa masuria walisubiri mpaka 1909. Hata kabla ya amri hiyo, wanawake walikuwa wameanza kushona leso pamoja kupata nguo pana yenye maua, na wengine kupiga mihuri ya mbao juu ya kitambaa cheupe. Hapo ndipo kanga ilipozaliwa. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa, nyumba ambayo kanga zake bado zinavaliwa. Mwanamke aliyepata uhuru alinunua rangi kwa pesa yake mwenyewe, na kaniki akaiacha kwenye kazi chafu.

Ningetegemea habari iishie hapo, kwenye ushindi wa maua na rangi. Lakini watu walewale na watoto wao wakarudi kwenye nyeupe na nyeusi, safari hii kwa hiari. Wanaume waliotoka utumwani walivaa kanzu nyeupe na kofia, mavazi ya muungwana. Kanzu nyeupe hudai sabuni, pasi na mwili usioinama shambani siku nzima. Anayetoka nayo barabarani ikiwa safi anatangaza kwamba muda wake ni wake.

Kwa wanawake lilikuja buibui. Huko Mombasa, mwanamke wa nyumba kubwa alipotoka alitembea ndani ya shiraa, turubai ya nguo iliyoshikwa na watumwa wake pande zote. Utumwa ulipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, shiraa ilikosa wa kuibeba. Buibui halihitaji mbebaji. Lile la zamani lilikuwa kitambaa kipana cheusi kilichoshonwa mviringo, lenye kamba ya kufunga kichwani, na mwenyewe akalikusanya kwa mkono mbele. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 lilienea Unguja na Mombasa kwa haraka, likavaliwa na mjukuu wa sultani na mjukuu wa mtumwa. Barabarani hukuweza kuwatenganisha kwa rangi, na naamini wengi walilipendea jambo hilo hasa. Ndani yake kila mmoja alivaa kanga aitakayo.

Buibui la kamba sasa limebaki kwa mabibi wachache. Wasichana wanavaa lililokatwa kama gauni, kwa mtindo wa abaya za Ghuba, na weusi si lazima tena: wapo wanaochagua kijivu, kahawia au rangi ya mchanga, na wanaume nao wana kanzu za rangi hizohizo kwa Idi. Kaniki bado ipo madukani. Waganga wanaiagiza kwa ngoma za pepo, na wapo wanaoinunua kwa kazi ileile ya zamani, kwa sababu haichafuki upesi.