Pale Kona Nne Zinapokutana

Kuna kauli iliyorudiwa mno katika maandishi kuhusu mifarishi ya viraka iliyoshonwa na watu weusi: kwamba mkono wenye asili ya Afrika haupendi kunyooka, na kwamba kona zinazokutana barabara ni nidhamu ya Wazungu. Kauli hiyo ilitokana na kutazama vitanda vya Marekani. Ukiifikisha Kigali, haisimami hata dakika moja.

Tazama agaseke, kile kikapu cha Rwanda chenye kifuniko kilichochongoka. Fungu la nyasi huzungushwa, huku likishonewa kwenye mzunguko wa chini yake kwa uzi wa mkonge, na zigizaga hupanda kwa hesabu ya mishono. Kwa kuwa fungu hilo linapanda kadiri linavyozunguka, mwanzo na mwisho wa duru havikai kimo kimoja. Mshonaji huiba mshono hapa, huongeza mwingine pale, mpaka pembetatu ya mwisho iikute ya kwanza bila pengo. Anayejua vikapu hukigeuza na kutafuta mahali hapo kabla ya kuuliza bei. Imigongo nayo, ile sanaa ya samadi na majivu iliyotoka Gisaka mashariki mwa nchi, ina pembe kali vivyo hivyo.

Basi mwanamke wa Kigali anayejifunza kuunga viraka hahitaji kufundishwa kupenda kona iliyokutana. Kule Nyamirambo, mtaa wa jiji hilo ambako Kiswahili kina wenyewe tangu zamani, wanawake 18 walianzisha kituo chao mwaka 2007, na vitenge vinavyoingia kwenye vyumba vyao vya kushonea hutoka vikiwa mikoba, nguo za watoto na mapambo ya nyumbani. Palipo na kazi ya namna hiyo pana vipande vinavyobaki, na vipande ndiyo malighafi ya mfarishi. Jicho lipo, kitambaa kipo. Kigumu ni wakati wa kurekebisha kosa.

Kikapu humruhusu mshonaji kujirekebisha duru kwa duru. Mfarishi hauna huruma hiyo. Tuseme unataka miraba ya sentimita 10 ikishashonwa, na nafasi ya mshono ni milimita 6. Kila kiraka kinakatwa sentimita 11.2. Sasa mshono ukila milimita 7 badala ya 6, kila kiungo kinapoteza milimita 2, moja kila upande. Mstari wa viraka kumi una viungo tisa: umeshapungukiwa milimita 18. Mstari wa pili ukishonwa na mkono mwingine uliokula 6 kamili, kona hazitakutana hata uvute vipi, na ukivuta kitambaa kinafanya mawimbi. Ndiyo maana nasema kona haiharibiki pale inapoonekana. Imeharibika kwenye meza ya kukatia, au kwenye mshono wa tatu ambao hakuna aliyeupima.

Pasi nayo ina neno lake. Nafasi za mshono za mstari wa kwanza hulazwa zote kulia, za mstari wa pili zote kushoto. Ukiilaza mistari hiyo uso kwa uso, vituta viwili vinasukumana kwenye kiungo na kukaa, kimoja upande huu, kingine upande ule. Mshonaji hafumbui macho kuvitafuta. Anavisikia kati ya kidole gumba na cha shahada. Vikiwa vimeachana kidogo kuna mfereji mwembamba. Vikishakaa, mfereji unapotea. Hapo ndipo pini inapopita. Kituta cha juu kikielekea kwenye sindano, mguu wa cherehani wenyewe unakisukuma kwenye mwenzake. Kwa kuwa meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu, bila pini hata viraka vilivyokatwa vizuri vitapishana.

Sasa turudi Marekani. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa pande tatu na mto Alabama, walishangaza majumba ya sanaa kuanzia maonyesho ya Houston na New York mwaka 2002. Mifarishi yao mingi hufuata umbo wanaloliita paa la nyumba: kiraka katikati, utepe unashonwa ubavuni na kukatwa ziada, kisha utepe mwingine. Angalia vizuri utaona kwamba katika muundo huo hakuna kona nne zinazotakiwa kukutana. Walioita kazi hiyo kushona ovyo hawakuusoma muundo. Nguo za kazi zilizochakaa walizozitumia, zenye unene tofauti na magoti yaliyolegea, hazikatiki kirahisi kuwa miraba inayolingana. Wanawake hao walichagua ujenzi unaolimeza kosa.

Wasidi wa Karnataka, India, ambao wengi wao asili yao ni pwani yetu ya mashariki ya Afrika, wamekwenda mbali zaidi. Mfarishi wao, kawandi, huanzia pembeni: viraka vinakunjwa kingo, vinapandishwa juu ya sari kuukuu, na bandi ya mkono inazunguka kuelekea katikati. Kiraka kinafunika ukingo wa mwenzake, kwa hiyo hakuna mshono wa kulinganishwa na mwingine. Uangalifu wao wameuweka kwenye kona za nje, zinazopambwa kwa vipande vya pembetatu vilivyokunjwa.

Hivyo nisingependa mafundi wa Kigali waambiwe waige Alabama kwa jina la uhalisi wa Kiafrika. Kitenge kipya kinakatika safi, nyuzi zake zimefumwa kwa kubanana, na kinashika mkunjo wa pasi: ni kitambaa kinachofaa kona kali. Tahadhari ni mbili tu. Kifuliwe kwanza, wanga utoke na kisinyae kama kinasinyaa, kabla ya kukatwa. Na kikatwe kwa kufuata uzi wake, maana maua yaliyochapwa mara nyingi hayakunyooka na uzi, na mwanafunzi anayefuata maua hukata mshazari bila kujua. Ningeanza naye kwa viraka vinne vya rangi mbili zisizo na maua, kisha apime kwa rula baada ya kila mshono. Kiungo kilichopishana milimita moja kiachwe. Kikizidi mbili, kifumuliwe siku hiyohiyo, kabla mstari unaofuata haujashonewa juu yake.