Hawala ya Fedha na Lugha ya Dieng

Kila tunapotazama filamu iliyotokana na riwaya, malalamiko huwa yale yale: sura fulani imeachwa, mhusika fulani hakusema vile. Kwa Ousmane Sembène malalamiko hayo yanapata taabu, maana kitabu kilikuwa chake na filamu ilikuwa yake.

Msenegali huyu, aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille, alikuwa tayari mwandishi mwenye jina alipokwenda Moscow kusomea filamu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengi wa watu aliowaandika hawakuweza kusoma Kifaransa. Mwaka 1968 akaigeuza riwaya yake fupi, Le Mandat, kuwa filamu iitwayo Mandabi.

Kisa chenyewe sisi tulio ughaibuni tunakielewa haraka. Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake, mfagiaji barabara huko Paris. Zake mwenyewe ni 2,000 tu. Habari zinaenea, wakopaji wanabisha hodi. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe asiyoijua.

Kitabuni haya yote yanasimuliwa kwa Kifaransa, lugha ile ile ya fomu zinazomshinda Dieng. Katika filamu watu wanasema Kiwolofu. (Toleo la Kifaransa lilitengenezwa pia, lakini si hilo linalokumbukwa.) Kwa kipimo cha neno kwa neno, Sembène hakubakiza hata sentensi moja. Nasi tunasema hakukisaliti kitabu: sasa mtu kama Dieng angeweza kuingia sinema akakisikia kisa chake bila mkalimani.

Kisa hicho kilifika hata kwetu. Mwaka 1980 Amandina Lihamba alikitolea tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha. Anayedai uaminifu wa neno kwa neno itambidi aikatae nayo.

Hata hivyo, hiyo si ruhusa kwa kila mwongozaji. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilikwisha andikwa kwa Kiswahili Amil Shivji alipoitolea filamu mwaka 2021. Hapo hapakuwa na lugha ya kurudishwa nyumbani, kwa hiyo kila kilichopunguzwa kinadai sababu nyingine. Ndiyo maana tunaomba wanachama waisome riwaya kabla hatujaionyesha filamu klabuni, kisha tubishane tukiwa na kurasa mkononi.