Kamera ya joto: kutoka prizimu ya Herschel hadi shamba la sola

Mwaka 1969, fundi aliyetaka kujua kama kiungio cha waya kimepata moto huko juu ya nguzo alihitaji gari. Kamera ya joto ya kampuni ya AGA ya Sweden, Thermovision 661, ilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Skrini yake kilo 20. Miguu ya kuisimamishia kilo 15. Hapo bado hujabeba jenereta ya volti 220, wala chombo cha lita 10 za nitrojeni kimiminika, kitu chenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Leo kamera ya namna hiyo inachomekwa kwenye simu au inaning'inia chini ya droni. Tukisimulia mabadiliko haya huwa tunasema tu "teknolojia imekua", halafu tunaendelea na mengine. Mimi naona kuna hatua moja iliyobeba uzito kuliko zote, na siyo droni.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1800, William Herschel, yule yule aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu ya kioo, rangi zikatawanyika mezani, akaweka vipimajoto kwenye rangi moja moja. Nyekundu ilipasha kuliko zambarau. Kisha akasogeza kipimajoto nje kabisa ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kumbe joto lilizidi hapo! Mionzi hiyo ndiyo tunayoiita infraredi. Mwanawe, John, mwaka 1840 alipata picha ya joto la jua kwenye karatasi iliyopakwa masizi na kuloweshwa spiriti: palipopata joto zaidi palikauka haraka zaidi. Katika miaka hiyo hiyo Mtaliano Macedonio Melloni alionyesha kwamba kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya mionzi hii, ila chumvi ya mawe inaipitisha. Hilo la kioo likumbuke, tutalihitaji mbele.

Kwenye mwaka 1880 hivi, Mmarekani Samuel Langley akatengeneza bolometa. Wazo lake ni jepesi mno: ukanda mwembamba wa metali ukipata joto, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na mabadiliko hayo unaweza kuyapima. Inasimuliwa kwamba kifaa chake kiliweza kuhisi joto la ng'ombe aliye mita 400. Baada ya hapo wanajeshi waliingia kwa nguvu, maana nani hataki kumwona adui gizani? Sehemu hiyo imeandikwa sana, naipita.

Muhimu kwetu ni mwaka 1965, AGA ilipoanza kuuza kamera ya joto kwa ajili ya kukagua nyaya za umeme mkubwa. Kiungio kilicholegea kina ukinzani mkubwa, na mkondo ukipita hapo unazaa joto. Ukikiona mapema unakaza bolti. Ukichelewa, kinakatika na mji unalala gizani. Faida ilikuwa wazi kiasi kwamba kampuni za umeme zilikubali kubeba mzigo wote ule.

Sasa, mbona nitrojeni? Kwa sababu kila kitu chenye joto kinatoa infraredi, kamera yenyewe ikiwemo. Kigunduzi cha aina ile kikiachwa kwenye joto la kawaida ni kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono akiwa amesimama kando ya mashine ya kusaga. Ilibidi kinyamazishwe kwa baridi. Na kilikuwa kigunduzi kimoja tu. Picha ilikusanywa kipande kwa kipande huku vifaa vya kuongoza mionzi vikizunguka kwa kasi.

Miaka ya 1980, watafiti wa Honeywell, kwa fedha za jeshi la Marekani, walirudi kwenye wazo la Langley. Badala ya ukanda mmoja wa metali walitengeneza maelfu ya vibamba vidogo sana vya oksidi ya vanadi, vilivyoinuliwa kwa miguu miembamba juu ya silikoni. Kila kibamba ni bolometa, na kila bolometa ni nukta moja ya picha. Hakihitaji nitrojeni. Ilikuwa siri ya kijeshi hadi 1992. Ilipofunguliwa, kampuni nyingine zikapata leseni na bei ikaanza kushuka. Hatua ninayoisema ni hii. Droni isingeweza kubeba jenereta na chupa ya nitrojeni, hata ingetaka vipi.

Huku upande wa sola nako tatizo lilikuwa linasubiri. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, kama watu wanaopokezana matofali: mmoja akizubaa, mstari wote unakwama. Seli moja ikifunikwa na kivuli au ikipasuka, inaacha kuzalisha na inageuka mlaji. Umeme wa wenzake unaishia ndani yake kama joto. Miaka ya 1970 na 1980, maabara ya JPL huko Marekani ilipima tatizo hili kwenye mradi wake wa paneli, na dawa yake inajulikana: dayodi za kupitishia mkondo pembeni. Paneli ya seli 60 kwa kawaida ina dayodi tatu, kila moja ikilinda seli 20. Lakini dayodi nayo inakufa, na ikifa hakuna kinachoonekana kwa macho. Mambo haya si ya hasara ya umeme peke yake. Mwaka 2019 Walmart iliishtaki Tesla ikidai kwamba mifumo ya sola ilishika moto kwenye mapaa ya maduka yake saba. Mwaka huo huo wakamalizana kwa maelewano.

Cha kufurahisha ni kwamba paneli isiyofanya kazi inajianika yenyewe. Paneli nzima inageuza takriban moja ya tano ya jua kuwa umeme na kuutoa nje. Ikikatika kwenye sakiti, sehemu hiyo nayo inabaki ndani kama joto, kwa hiyo inakuwa moto kuliko majirani zake. Kwenye picha ya joto unaiona mara moja. Ikiwa dayodi imeanza kupitisha mkondo, ni theluthi moja ya paneli inayong'aa. Ikiwa ni seli moja, unaona kimraba kimoja.

Hebu fikiria shamba la Garissa, Kenya, lenye paneli 206,272. Ukimpa fundi dakika moja kwa kila paneli, saa nane kwa siku, atamaliza baada ya siku karibu 430. Ndiyo maana mashamba makubwa duniani hukaguliwa kwa droni. Mitambo ya upepo nayo hukaguliwa kwa joto, hasa transfoma na viunganishi.

Ila hapa ndipo kioo cha Melloni kinaporudi. Lenzi ya kamera hizi ni ya jemani, si kioo, maana kioo kingeziba. Na paneli imefunikwa kioo! Kwa hiyo kamera haizioni seli, inaona joto la kioo kilicho juu yake, na kioo hicho hicho kinaakisi mbingu, ambayo siku isiyo na mawingu huonekana baridi sana. Ukipiga picha kwa pembe mbaya unapata mbingu, jengo la jirani, au kivuli chako mwenyewe. Upepo nao unapoza. Mwongozo wa IEC wa mwaka 2017 unataka jua la angalau wati 600 kwa kila mita ya mraba, la sivyo tofauti za joto ni ndogo mno kuaminika. Halafu mtu lazima ashuke chini, aende kwenye paneli yenyewe na mita yake, kwa sababu kimraba chekundu kinaweza kuwa seli iliyopasuka, au kinyesi cha ndege kinachotaka maji na kitambaa tu.