Dubu hakojoi miezi mitano na figo zake ziko salama. Sisi je?

Mtu ambaye figo zake zimegoma kabisa, asiposafishwa damu kwa mashine, hubakiza siku au wiki chache tu za kuishi. Lakini dubu mweusi wa Marekani Kaskazini hulala majira yote ya baridi, hata miezi mitano au zaidi, bila kula, kunywa wala kukojoa. Akiamka, figo zake ni nzima.

Anawezaje?
Figo zake hupunguza kasi ya kuchuja damu. Mkojo kidogo unaotengenezwa hufyonzwa tena kupitia kuta za kibofu. Urea, ile taka inayojaa kwenye damu ya mgonjwa wa figo, huvunjwa na kutumika kujenga protini mpya. Yaani taka inageuka chakula.

Siri iko kwenye damu?
Mwaka 1969 watafiti wa Marekani walichukua damu ya kindi wa ardhini aliyekuwa kwenye usingizi huo, wakamwekea mwenzake aliyekuwa macho. Naye akalala. Mwaka 1985 wengine wakaripoti kwamba kichocheo kutoka kwenye damu ya wanyama wa aina hiyo kilibadilisha hata utendaji wa figo za tumbili, mnyama asiyelala hivyo kabisa.

Moshi inahusikaje?
Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika Moshi mjini na vijijini, ulikuta watu wazima 7 kati ya 100 wana ugonjwa sugu wa figo. Mjini walikuwa 15 kati ya 100, vijijini 2. Wengi wao hawakujua.

Figo zikifa, kwa kawaida mgonjwa huhitaji mashine mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Kwa mtu wa Rombo, ongeza na nauli.

Kwa hiyo tufanyeje?
Hakuna dawa ya figo iliyotokana na damu ya dubu, hivyo anayekuuzia anakupiga. Kilichopo ni vipimo: presha, sukari, mkojo na damu. Punguza pia kumeza diklofenaki kiholela kila mgongo ukiuma. Usisubiri maumivu, maana figo huchoka kimyakimya, na sisi hatuna usingizi wa kuziponya.