Ziwa Tanganyika: Kwa nini uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu

Dagaa na migebuka wanaouzwa Sumbawanga hupanda mlima kwanza ndipo wafike sokoni. Wanatoka Kasanga, Kirando, Kipili na Kabwe, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, karibu mita 1,000 chini ya uwanda wa Ufipa.

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mzigo huo ulikatika. Serikali ilisimamisha uvuvi upande wa Tanzania ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana.

Ziwa lilifikaje hapo?

Uvuvi wa kibiashara ulianza na meli. Wagiriki waliokuwa Bujumbura walileta nyavu kubwa za kuzungushia samaki miaka ya 1950. Baadaye kampuni zikaja Mpulungu, Zambia, jirani kabisa na Kasanga. Huko sangara wakubwa walipungua haraka, wakabaki migebuka. Meli nazo zikapungua.

Leo wavuvi ni wa mitumbwi midogo, tena mingi mno. Wanavua usiku usio na mbalamwezi, kwa taa: dagaa hufuata mwanga, migebuka huwafuata dagaa, wavu unazoa wote. Zamani ilikuwa karabai, sasa ni taa za sola na betri. Dagaa huishi takriban mwaka mmoja tu, kwa hiyo wavu wenye matundu madogo ukimchukua akiwa mchanga, hakuna kizazi kinachofuata. Kokoro, ambalo limepigwa marufuku, ni baya zaidi kwa sababu linaburuta ufukweni kwenye mazalia.

Na si nyavu peke yake. Tafiti mbili za mwaka 2003 zilionyesha kuwa ziwa limepata joto, na maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini. Virutubisho vinabaki kilindini, chakula cha samaki kinapungua.

Kwa nini Mei hadi Agosti?

Ndiyo miezi ya upepo wa kusini. Unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ya chini yenye virutubisho yanapanda, hasa kusini mwa ziwa, yaani upande wa Rukwa na Zambia. Kuvua kwa nguvu wakati huo ni kuvuna shamba linalochipua.

Tatizo liko wapi?

Samaki hajui mpaka. Tanzania ina takriban asilimia 41 ya ziwa, Kongo asilimia 45, Burundi na Zambia zilizobaki. Mwaka 2021 nchi hizo nne zilikubaliana hatua za pamoja za kusimamia uvuvi, lakini mapumziko ya upande mmoja yana faida ndogo kama ng'ambo taa zinawaka. Pia nyavu haramu zikirudi majini Agosti 16, miezi mitatu imepotea bure.

Gharama nayo haigawanyiki sawa. Juu Ufipa, huo ni msimu wa kuvuna mahindi, mwenye shamba anasukuma maisha. Kule chini, kibarua wa mtumbwi hana mshahara. Analipwa kwa mgawo wa alichovua. Mama anayeanika dagaa kwenye mchanga hana cha kuanika. Serikali inahimiza ufugaji wa samaki kwenye vizimba, ila kizimba kinahitaji mtaji, vifaranga na chakula, na samaki huchukua miezi kadhaa kabla ya kuuzika. Kibarua wa Kirando anahitaji unga wa jioni hiyo hiyo.