Gome la Mkwinini na Mwendo wa Moyo

Tangu karne ya kumi na saba Wazungu walilijua gome la mkwinini, mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, kuwa ni dawa ya homa. Katika mwaka wa 1820 Pelletier na Caventou, wataalamu wa Paris, wakafaulu kutoa kwinini yenyewe katika gome hilo.

Hata katika mwaka wa 1912, Mholanzi mmoja mfanya biashara alimwendea Karel Wenckebach, bingwa wa magonjwa ya moyo. Moyo wake ulikuwa ukishikwa na vipindi vya kwenda ovyo ovyo, naye, kama mtu aliyezoea utaratibu katika biashara yake, aliutaka na moyoni mwake pia. Daktari alimwambia hawezi kumwahidi kitu. Mgonjwa akajibu ya kuwa yeye mwenyewe anajua la kufanya, na kesho yake asubuhi atarudi mapigo yakiwa sawa. Wenckebach hakusadiki, lakini asubuhi mtu yule akaja, na mapigo yake yakaenda sawasawa. Kumbe alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini! Daktari mwenye kiburi angalimfukuza. Huyu alimsikiliza, kisha akaiandika habari hiyo kitabuni katika mwaka wa 1914.

Miaka minne baadaye Walter Frey, huko Ujerumani, alizijaribu dawa za gome lile, akaona kwinidini, nduguye kwinini, ndiyo yenye nguvu zaidi. Ikaenea upesi.

Sasa, mshipa upelekao damu katika nyama ya moyo ukizibika, sehemu ya nyama hiyo hufa. Ndilo shambulio la moyo. Kando ya kovu lake mapigo ya ziada huweza kuzuka, na pengine moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu, mtu akafa ghafula. Kwinidini hupunguza kasi ya umeme wa moyo, kwa hiyo madaktari wengi waliwapa wagonjwa wa namna hii. Walakini dawa hiyo hiyo yaweza kuuvuruga moyo. Katika mwaka wa 1964 madaktari walieleza habari za wagonjwa waliozimia kwa ajili yake.

Jambo zito zaidi lilidhihirika katika mwaka wa 1989. Dawa mbili za viwandani, zenye kufanya kazi kwa njia inayofanana na ya kwinidini, zilijaribiwa huko Marekani kwa watu waliopona shambulio la moyo. Mapigo ya ziada yalinyamaza kama ilivyotazamiwa, lakini waliozimeza walikufa wengi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.